Je, Kunyamaza Kazini ni Heshima?

Wako wengi wadhanio kwamba mfanyakazi mwema ni yule mwenye mikono hodari na kinywa kilichofungwa. Akiagizwa, huitika, asipoelewa, huitika vile vile, maana aona haya kumwuliza mkubwa wake mara ya pili. Watu humsifu wakisema: “Huyu ana heshima.” Basi na tujiulize: je, kunyamaza kwa namna hiyo ni heshima kweli?

Sikilizeni habari hii. Huko Marcinelle, katika nchi ya Ubelgiji, palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe ulioitwa Bois du Cazier. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, watu 275 walikuwa chini ya ardhi wakifanya kazi. Makaa yalitiwa katika vigari, vigari vikaingizwa katika kizimba cha chuma, na mashine iliyokuwa juu ikakivuta kizimba. Aliye chini hakumwona aliye juu. Walipashana habari kwa ishara. Penye kina cha mita 975, kigari kimoja kilikwama, sehemu yake ikatokeza nje. Mtu wa chini na watu wa juu hawakuelewana, kizimba kikaanza kupanda kabla ya wakati wake. Kigari kiligonga mhimili, nyaya za umeme zikakatika pamoja na bomba la mafuta, moto ukawaka. Moshi ulienea katika njia za mgodi. Wakafa watu 262. Kati yao 136 walikuwa Waitalia, waliotoka kwao kutafuta riziki ya watoto wao.

Hatusemi kwamba kutoelewana huko kuliua peke yake. Mafuta na umeme vilipita karibu karibu, na mbao zilikuwa nyingi mle ndani. Lakini mlango wa msiba ulifunguliwa hapo, mahali ambapo mmoja alidhani jambo hili, na mwingine akadhani jambo lile.

Hapa twajifunza neno kubwa: agizo lililotolewa si agizo lililopokewa. Kusema ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mwenzako amesikia kama ulivyokusudia. Hata kijijini twalijua hilo. Wawili wakiangusha mti mkubwa, mwenye shoka hupaza sauti, na mwenzake huitika kabla ya pigo la mwisho. Asipoitika, shoka hungoja.

Labda mtu atasema: “Mimi ni kijana, nikimwuliza mzee mara mbili, ataniona mjeuri.” Ndugu yangu, ujeuri hukaa katika namna ya kusema, haukai katika swali. Sema kwa upole: “Baba, nimesikia kwamba niufunge mlango huu kwanza, ndivyo?” Hapo humpingi, bali wamsaidia. Kuuliza si ujinga. Anayeitika bila kuelewa hamheshimu mkubwa wake. Ailinda sifa yake mwenyewe, na wengine watailipia.

Nanyi wazee na makapita, mzigo wenu ni mzito zaidi. Ukimcheka kijana aulizaye leo, kesho atanyamaza, nawe ndiwe uliyemfunga kinywa. Hutaweza kusema: “Mbona hakuniambia?”

Basi tufanye hivi. Tukipokea agizo, tulirudie kwa maneno yetu wenyewe. Tukiona hatari, tuiseme upesi, wala tusingoje aliye mkubwa aione. Jioni, kabla ya kulala, kila mmoja aiulize dhamiri yake: leo nilinyamaza wapi kwa sababu ya haya, na ni nani angaliumia? Anayejiuliza hivyo kila siku hukua, hata kama hakupata shule nyingi. Maana tumeamriwa kumpenda jirani, na jirani wa mfanyakazi ni yule aliye upande wa pili wa kamba, asiyeweza kumwona.