Robinson Crusoe na Kijana Aliyemwuza

Kitabu cha Daniel Defoe, kilichopigwa chapa London mwaka 1719, wengi wetu tumekisoma shuleni, na wasiokisoma wamesimuliwa: merikebu imevunjika, mtu mmoja amepona, naye akaishi kisiwani miaka 28 kwa kazi ya mikono yake. Twamsifu Robinson Crusoe kwa bidii yake, tena kwa toba yake. Maana alipougua homa aliifungua Biblia aliyoiokoa merikebuni, akalia kwa dhambi zake, akawa mtu wa sala. Swali letu lahusu toba hiyo.

Kwanza tukumbuke alikuwa akienda wapi. Alikuwa akitoka Brazili kwenda pwani ya Guinea kuleta watumwa kwa siri, naye ameahidiwa fungu lake la watu bila kutoa fedha. Wasomaji huipita habari hii upesi, kwa kuwa dhoruba yaja mara. Lakini sisi, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuwezi kuipita hivyo.

Tena iko habari iliyotangulia. Crusoe mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Maharamia wa Sale, nchi ya Moroko, walimkamata, akamtumikia bwana wake miaka miwili na zaidi. Alipotoroka kwa mashua alifuatana na kijana wa nyumba ile, jina lake Xury. Walipohitaji maji ya kunywa, nao wakiogopa watu wa nchi kavu, Xury alijitoa aende pwani peke yake, ili wakija watu wabaya wamle yeye, na Crusoe aponyoke. Baadaye nahodha mmoja Mreno aliwaokoa, akataka kumnunua Xury kwa riale 60. (Msomaji wa Injili atajihesabia mwenyewe.) Crusoe aliona shaka kuuza uhuru wa kijana aliyemsaidia kuupata uhuru wake, bali nahodha akaahidi kumwacha huru baada ya miaka 10, akiwa amekuwa Mkristo, na Xury akasema yu radhi. Radhi gani ya kijana katikati ya bahari, na bei yake imekwisha tajwa? Akauzwa.

Baadaye Crusoe alimkumbuka. Alimkumbuka shambani Brazili, akaona alikosa kumtoa, maana kazi ilikuwa nyingi. Alimkumbuka tena kisiwani, akitamani msaada wake katika mambo ya mashua. Na juu ya safari ya Guinea alijilaumu pia, lakini sikilizeni alivyojilaumu: kwamba alikuwa na haraka, kwa kuwa kama angalingoja, angaliwapata watumwa mlangoni pake kwa bei iliyozidi kidogo tu.

Je, toba ile ilikuwa ya uongo? Hatusemi hivyo. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na dhambi alizozihesabu, yaani kumwasi baba yake na kumsahau Mungu, zilikuwa dhambi. Hilo ndilo linalotutia hofu. Mnafiki twamjua, na kujihadhari naye twaweza; bali huyu alitubu kwa moyo, na hesabu yake ikawa na pengo mahali pale pale aliposimama mtu mwingine. Zakayo, siku ile ile ya toba yake, aliwataja aliowadhulumu na kiasi atakachowarudishia.

Wengine hutujibu kwamba desturi za zama zile zilikuwa hivyo. Neno hili lina nguvu kwa mtu asiyeonja utumwa. Crusoe alionja. Tena, alipowaona watu walao watu, alijizuia asiwapige bunduki, akifikiri kwamba hana amri ya kuwahukumu watu ambao hawajamkosea. Akili ya kupima haki alikuwa nayo. Hakuielekeza upande ule.

Watengenezaji wa sinema nao wamesumbuka na habari hizi. Picha ya Luis Buñuel ya mwaka 1954 yaanza pwani ya kisiwa, na Xury hayumo. Lakini imetiwa jambo lisilomo kitabuni: Crusoe, kwa hofu, amfunga minyororo ya miguu yule mtu aliyemwokoa na kumwita Ijumaa, kisha hofu ikimtoka amfungua. Mwaka 1975 Jack Gold alitoa picha iitwayo Man Friday, ambamo Ijumaa mwenyewe asimulia mbele ya watu wa kwao, na Mwingereza ndiye aonekanaye mtu wa mambo ya ajabu. Sisi twaipenda zaidi ile ya kwanza, kwa ajili ya minyororo ile. Walakini habari ya Xury imebaki kitabuni, haikujibiwa.

Kwa hesabu ya kitabu Crusoe aliondoka kisiwani mwaka 1686. Ile miaka 10 ilikuwa imekwisha zamani sana. Akaenda Lisbon, akamkuta yule nahodha yu hai, mzee, wakazungumza siku nyingi juu ya shamba la Brazili na hesabu za fedha. Crusoe akawa tajiri; akamwandikia nahodha moidore 100 kila mwaka maisha yake yote, akampa mjane aliyemtunzia mali yake, akawapa na dada zake. Kijana aliyeuzwa hakumwulizia.