Kati ya Ua la Karatasi na Tuta la Mchicha

Ugomvi wenyewe ulianza kwa panga. Jumamosi moja asubuhi nilitoka nje, mswaki mdomoni, nikamkuta mama amesimama mbele ya bogenvilia yetu, ule mti ambao mtaani wanauita maua ya karatasi. Panga mkononi, kanga kaifunga kiunoni. Ukimwona mama kafunga kanga namna ile, ujue shauri limekwisha katwa, kilichobaki ni utekelezaji.

"Mama, kulikoni?"

"Naung'oa. Hapa patatoka matuta mawili ya mchicha."

"Lakini mama, nyumba itabaki uchi!"

"Uchi ni wa tumbo, mwanangu. Maua hayapelekwi sokoni."

Ndugu msomaji, usicheke. Najua mambo ya bustani yanaonekana ni ya wazee wastaafu. Lakini uwanja wetu pale Temeke ni hatua kumi kwa sita, na mtu mwenye hatua kumi kwa sita lazima achague: apande kinachopendeza au kinacholiwa? Hili ni swali la falsafa hata kama halijavaa tai. Tena ni swali letu sisi tunaojaribu kuandika. Ni mara ngapi umesoma shairi lako nyumbani ukaulizwa, "Sasa hilo nalo linaliwa?"

Nianze na hoja ya mama, maana ni nzito. Mchicha hauna maringo. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba unazichanganya na mchanga mkavu ili zisiangukie pahala pamoja, unazitawanya juu ya tuta lenye samadi ya kuku, unafunika kidogo tu. Wiki tatu, ukichelewa sana nne, unang'oa mafungu ya kuuza. Nyumbani unaupika kwa tui au karanga, na watoto wanapata madini ya chuma na vitamini A bila kujua kwamba wamekula dawa. Mafungu hayo ndiyo yaliyoninunulia daftari ninaloandikia maneno haya.

Tena mama ana historia upande wake. Mwaka 1974, ukame ulipoleta njaa, ilitangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mjini nao wakahimizwa kulima kila penye upenyo. Miaka ya 80, mishahara ilipokuwa haifiki hata katikati ya mwezi, makarani na walimu walipanda mchicha na kufuga kuku uani. Kizazi kile kilivushwa na tuta, si na ua. Kijana aliyekua anakula ataanzaje kubishana nao?

Nilibishana hivyo hivyo. Nilimwambia mama kwamba mtu si tumbo peke yake. Nilimkumbusha kuwa mti ule marehemu baba ndiye aliyeuchomeka, kijiti kitupu alichopewa na mwenzake kazini, na leo wageni wakiuliza njia wanaambiwa, "Nyumba yenye maua." Kisha nikatoa silaha yangu kubwa. Nani aliyepanga kwamba maua ni ya Oysterbay na mchicha ni wa Temeke? Mkoloni aliugawa mji huu Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na bustani za maua akaziweka kule alikolala yeye. Tukiung'oa mti wetu tunasaini kwa mkono wetu wenyewe kwamba maskini hana macho, ana mdomo tu.

Mama alinisikiliza. Panga halikushuka, lakini halikupanda pia. Nikaona nimepata mwanya, nikaendelea.

Nilimwambia kwamba hata huo mpaka baina ya pambo na zao haupo sawasawa. Angalia Bustani ya Mimea pale mjini, karibu na Makumbusho. Leo watu huenda kupunga upepo na kutazama maua. Lakini Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribu mazao ya biashara. Shamba la majaribio limegeuka pambo. Na mchicha je? Jina lake la kitaalamu ni Amaranthus, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kisichonyauka. Yaani mboga ya fungu la sokoni imebeba jina la ua la milele! Wapo hata ndugu zake mchicha wanaopandwa kwa ajili ya kutazamwa tu, kwa vile vishada vyao vyekundu.

Bogenvilia nayo ina siri zake. Yale mekundu tunayoyasifu si maua, ni majani yaliyobadili rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo kilichojificha katikati, ambacho hakuna anayekitazama. Tena ina miiba, na mti wetu ndio ukuta wa pekee tulio nao. Kuku na mbuzi wa jirani wasingeuacha mchicha wa mama hata wiki moja kama si ule mti. Kwa hiyo pambo linalinda mboga. Nikamaliza kwa kusema kwamba bogenvilia haiombi chochote. Ikishashika mizizi huvumilia kiangazi, na ukiizidishia maji inatoa majani mengi na maua machache. Mchicha ndio wenye kudai: maji asubuhi, maji jioni, ukikosa siku mbili za jua kali umelala.

Hapo nilijiona nimeshinda. Kumbe nimejichimbia kaburi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameinama karoni anaosha vyombo. Hakugeuka. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kaka, maji ya mchicha anateka nani?"

Jamani. Kuna maswali unayajibu, na kuna maswali yanayokujibu wewe.

Kwetu bomba halipo. Maji yanatoka kisimani kwa jirani, mwendo wa dakika kumi ukiwa mtupu. Matuta matatu yanakunywa madumu manne alfajiri na manne jioni. Dumu ni lita 20, yaani kilo 20 juu ya kichwa. Piga hesabu: kilo 160 kwa siku, na mbebaji ni msichana mmoja. Mama saa hizo yuko njiani kwenda sokoni. Mimi saa hizo nimelala, kwa sababu usiku nimekesha natunga. Na unajua nilichokuwa natunga? Shairi kuhusu maua ya karatasi. Nililisoma kwenye kikundi chetu, wakanipigia makofi, mshikaji mmoja akasema nina macho ya kuona yasiyoonekana.

Yasiyoonekana! Mwaka mzima mdogo wangu alikuwa anaingia darasani kipindi cha kwanza kimekwisha, na mimi sikuona. Matokeo yake ya kidato cha pili yalipotoka mabaya, wa kwanza kumgombeza nilikuwa mimi. Nilimwambia hasomi, anapenda michezo. Akanyamaza. Mambo mawili yalikuwa ndani ya nyumba moja, dumu na matokeo, na mimi mwenye macho ya kuona yasiyoonekana sikuwahi kuyajumlisha.

Mama aliliweka panga chini, akakaa juu ya kinu. Kwa muda hakuna aliyesema neno.

Baadaye nilijifunza kisa kimoja kilichonichoma zaidi. Jina bogenvilia linatokana na Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeuzunguka ulimwengu kati ya mwaka 1766 na 1769. Mwaka 1767 merikebu zake zilitia nanga Brazili, na mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, ndiye anayehesabiwa kuwa aliutambulisha mti huu kwa wataalamu wa Ulaya. Lakini Commerson alikuwa na mguu mbovu. Aliyepanda vilima na kubeba mizigo ya mimea alikuwa msaidizi wake, kijana mmoja mwenye nguvu ambaye kumbe hakuwa kijana, alikuwa mwanamke. Jeanne Baret alijivika nguo za kiume kwa kuwa merikebu za kijeshi za Ufaransa zilikataza wanawake. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuuzunguka ulimwengu. Wapo wanaoamini kwamba huenda mkono uliouchuma mti huo ulikuwa wake. Commerson mwenyewe alimfananisha na mnyama wa mizigo. Mti ukapewa jina la nahodha.

Ilipita zaidi ya miaka mia mbili, hadi mwaka 2012, ndipo wataalamu walipoupa mmea mmoja wa Amerika ya Kusini jina la Baret: Solanum baretiae. Na jamii ya Solanum ni ipi? Ni ile ya nyanya, bilinganya na mnavu. Nahodha alipata ua, mbebaji akapewa nafasi yake katika ukoo wa mboga, tena kwa kuchelewa. Sijui kama nicheke au nilie.

Basi nimefikia hapa. Swali la "ua au mchicha" limekaa vibaya. Mimi na mama tulikuwa tunagombea nini kipandwe, na wote wawili tuliruka swali la kwanza: nani anabeba? Uzuri si dhambi, wala mboga si utakatifu. Uko mchicha hapa mjini unaomwagiliwa maji machafu ya mabonde, na anayeula hakuulizwa. Yako maua yasiyomwonea mtu, kama yale ya baba. Dhambi ni kupenda kitu, kiwe cha kutazama au cha kula, huku gharama yake iko kwenye shingo ya mtu ambaye hukumuuliza.

Najua kuna atakayesema, "Kwa hiyo tusiandike wala tusipande maua mpaka maji yagawanywe sawa?" Na mimi nilidhani hivyo. Ile Jumamosi, kwa aibu yangu, nililiokota panga nikasema nitaukata mimi mwenyewe. Ndipo mdogo wangu akasimama, mikono ina povu.

"Usiukate, kaka. Mimi nikitua dumu la mwisho nakaa pale chini yake. Ndiyo sehemu yangu."

Mimi niliyeutungia shairi sikuwahi kukaa chini ya ule mti hata siku moja. Mama aliyetaka kuung'oa naye hakujua kwamba una mtu wake. Mwenye haki nao alikuwa yule ambaye hakuna aliyemshirikisha kwenye mjadala. Kwa hiyo sisemi kwamba mwenye njaa hahitaji uzuri. Nasema kinyume chake: anayebeba ndiye anayeuhitaji zaidi, na kura yake ndiyo ihesabiwe kwanza.

Mti ulipunguzwa matawi upande wa ndani, likapatikana tuta moja badala ya mawili. Kivuli cha kwenye njia kilibaki. Madumu yote ya alfajiri ni yangu sasa, na ya jioni tunagawana. Sitajifanya malaika: wiki ya kwanza shingo ilinikaza nikasingizia homa, na hata sasa ziko siku ninasikia jogoo nikajifunika shuka. Lakini mdogo wangu anawahi kipindi cha kwanza. Kama atafaulu, sijui. Mwaka uliopotea hauoti tena kwa wiki tatu kama mchicha.

Sijaacha kutunga, ila ninatunga kidogo na usingizi ninao. Shairi langu la maua ya karatasi nimelisoma tena. Vina vimekaa sawa, mizani imetimia, na ndani yake hakuna mtu hata mmoja.

Nawe kijana mwenzangu unayetaka kunipinga, karibu, kurasa zipo. Ukija na hoja yako nitaisoma. Ila kabla hatujaanza kubishana, niambie kwanza: maji ya kwenu anateka nani?