NIKAHI SI TIKITI YA SAFARI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu hapa Kaloleni, Kisumu, mara kwa mara huja mtu kuuliza suala la mke aliyeko huku na mume aliyeko Marekani, au kinyume chake. Nasi twajua kwamba Mombasa, Malindi na Lamu mambo ni yayo hayo. Wengi huyachukua kuwa ni mambo ya serikali tu, wakadhani dini haina neno ndani yake. Dhana hiyo ni mbovu. Mwenye kusimama mbele ya dirisha la ubalozi kule Gigiri, Nairobi, akainua mkono wa kulia na kuapa kwamba atasema kweli, huyo Mwenyezi Mungu amemsikia kabla hajasikiwa na afisa.

Kwanza tuieleze njia yenyewe. Mume aliye raia wa Marekani, au mwenye ukaazi wa kudumu, hupeleka kwa Idara ya Uhamiaji ombi liitwalo I-130, kuthibitisha kuwa fulani ni mkewe. Likikubaliwa, faili huenda Kituo cha Taifa cha Viza, Portsmouth, New Hampshire. Hapo hutakiwa cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha polisi cha tabia njema, na ahadi ya mume kwamba atamkimu mkewe, kwa kipato kisichopungua, kwa kawaida, asilimia 125 ya kiwango cha umasikini cha nchi ile. Kisha mke hupimwa na daktari, na mwisho huitwa mahojiano. Na ikiwa siku ya kuingia nchini ndoa haijatimiza miaka 2, hupewa ukaazi wa masharti wa miaka 2, kisha hutakiwa kuthibitisha tena kwamba ndoa ile ni ya kweli.

Wako wanaonung'unika wakisema: "Vipi mtu asiye wa dini yetu atuulize habari za wake zetu?" Jawabu ni kuwa nikahi katika Uislamu si jambo la siri. Ina walii, ina mashahidi wawili, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuitangaza. Basi mwanamke akiulizwa walii wake alikuwa nani, mahari yalikuwa kiasi gani, na mumewe afanya kazi gani, hapana aibu kujibu. Kilichokatazwa ni kutoa siri za chumbani, na hizo hana haja ya kuzitoa. Picha za siku ya kuozwa, pamoja na wazazi na jamaa, naye amejisitiri, ni ushahidi mzuri. Kadhalika barua, na risiti za fedha za matumizi alizoletewa.

Ama maovu tunayotaka kuyakataza ni matatu.

La kwanza ni kuificha nikahi. Iko viza ya mchumba, ambayo ni ya watu wasiooana bado, na sharti lake ni waoane ndani ya siku 90 tangu kuingia Marekani. Watu wetu hufunga nikahi hapa mbele ya shekhe, wakala pilau, kisha wakaandika kwamba hawajaoana, kwa kuwa wamesikia kuwa njia hiyo ni nyepesi. Afisa akiziona picha za arusi na hina mkononi, humwambia: "Wewe ni mke, si mchumba," na ombi huanguka. Akidhihirika kusema uwongo ili apate viza, yamkini akafungiwa mlango wa nchi ile umri wake wote. Hayo ni ya dunia. Ama ya dini ni mazito zaidi: mtu ameulizwa kama ana mke, naye akasema hana. Wanazuoni wamelijadili neno hilo, kama ni uwongo mtupu au huwa kinaya cha talaka pindi mtu akinuia. Mwenye akili hauchezei ulimi mahali wanazuoni walipohitilafiana.

La pili ni hiyo iitwayo "ndoa ya karatasi". Mwanamme hulipwa fedha amwoe mwanamke kwa jina tu, ili apate kibali. Na tumesikia lililo baya zaidi: mume humtaliki mkewe kwa makusudi, aolewe na mwingine aliyeko ng'ambo, kisha akishapata ukaazi amrudie. Enyi ndugu! Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yako mambo matatu ambayo mzaha wake ni kweli: nikahi, talaka na kurejea. Talaka ile imepita. Na nikahi ile, ikiwa imetimiza walii, mashahidi na kukubaliana, basi ni nikahi. Mwanamke yule ni mke wa mtu: akifa mumewe huyo wa pili atamrithi na kumkalia eda, na yule wa kwanza, anayemngojea nyumbani, hana haki hata ya kumposa. Na ikiwa haikutimiza nguzo zake, basi hao wawili wanakaa kwa jina la ndoa pasipo ndoa. Tena sheria ya Marekani humhukumu mwenye hila hii kifungo kifikacho miaka 5, au faini ifikayo dola 250,000, au yote mawili. Na aliyetaka kibali kwa hila hiyo, hata akija kufunga ndoa ya kweli baadaye, ombi litakalopelekwa kwa ajili yake hukataliwa. Njia ya mwongo ni fupi.

La tatu ni uvivu wa kuandikisha. Mwenyezi Mungu katika aya ndefu ya Suratul Baqara ametuamrisha kuandika deni na kulishuhudisha. Ikiwa deni la shilingi huandikwa, vipi lisiandikwe fungamano lililohalalisha tupu na kuthibitisha nasaba? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka nikahi ya Kiislamu iandikishwe, na mahakama ya Kadhi iko hapa hapa Kisumu. Lakini mwanamke huachwa kwa maneno, akamaliza eda, akaolewa tena kwa halali, na talaka ile haikuandikwa popote. Siku ya mahojiano huonekana ana vyeti viwili vya ndoa wala hana cheti cha talaka. Mbele ya Mola ni mke wa mume mmoja. Mbele ya makaratasi ni mke wa wawili. Ni nani aliyemtia katika fedheha hiyo ila mwanamme aliyeona uzito wa kwenda kwa Kadhi?

Suala: Je, nikahi ya wakala yafaa, mume akiwa ng'ambo? Jawabu: Katika sheria yetu yafaa. Mtume (S.A.W.) alimuoa Bi Ummu Habiba naye yuko Uhabeshi, na Najashi ndiye aliyemtolea mahari, dinari 400 kwa riwaya mashuhuri. Lakini sheria ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa mahali pamoja ilipofungwa, ila wakiwa wamekaa kama mke na mume baada yake. Kwa hivyo mume na aje kwao, akae na mkewe, kisha ndipo apeleke ombi.

Neno la mwisho ni kwa waume. Sayyidna Umar (R.A.) alipojua shida ya wanawake ambao waume zao wako vitani, aliweka mpaka wa kutokuwapo kwao, riwaya moja yasema miezi minne, nyingine sita. Faili hukaa zaidi ya hiyo, pengine miaka. Kungojea viza hakuondoi haki ya mke: matumizi ni wajibu wako kila mwezi, na ukiweza kuja, njoo. Na wazazi wasimwoze binti kwa mtu wasiyemjua dini yake wala tabia yake, kwa kuwa tu ana pasi ya Marekani. Viza ikikataliwa, binti huyo atabaki na mume, si na pasi.

Semeni kweli, andikisheni nikahi zenu na talaka zenu, na mumwogope Mwenyezi Mungu katika wake zenu. Ikiwa safari ina kheri, Mola ataifungua. Na riziki ya Kisumu na ya Marekani Mtoaji wake ni Mmoja.

Wabillahi tawfiq.