PETRO ALIRUDISHIWA KAZI



Tunazisalimu familia zote za kambi yetu, akina baba, akina mama, vijana na watoto. Somo letu la mwezi huu ni Yohana 21:1-19.

Injili ya Yohana inataja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni 18:18, uani kwa kuhani mkuu. Usiku ule kulikuwa na baridi, naye Petro alisimama akiota moto pamoja na watumishi. Usiku huohuo alimkana Bwana wake mara tatu. Mara ya pili ni 21:9, ufuoni mwa ziwa, asubuhi. Hapo Yesu mwenyewe ndiye aliyeandaa moto, na samaki, na mkate.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tunajua uchovu wa kuvua usiku kucha bila kupata kitu. Yesu aliwalisha kwanza. Ndipo akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Hakuificha dhambi yake. Lakini angalieni: kila Petro alipojibu, alipewa kazi ya kulitunza kundi. Msamaha wa Yesu haukuishia mdomoni.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe. Ndugu mmoja, ambaye ameturuhusu kuandika haya bila kumtaja jina, alikuwa akitunza mfuko wa kwaya. Alizila pesa za kununulia ngozi za ngoma. Alikuja mwenyewe, akaungama mbele ya wazee, akaanza kulipa kidogo kidogo kwa vibarua. Tulisimama mbele ya kanisa tukasema, "Tumekusamehe." Miezi minne imepita, na hakuna aliyemwomba hata kubeba benchi. Anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mke wake akifika bombani kuchota maji, wenzake wananyamaza.

Wapendwa, hapo tumekosa, na wa kwanza kukosa ni sisi wachungaji wenu. Tulitamka msamaha, tukamwacha ndugu yetu penye moto ule wa kwanza. Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba mtu aliyekwisha kuadhibiwa afarijiwe, asije akamezwa na huzuni (2 Wakorintho 2:6-8). Sisi tuliokimbia vita tunajua uchungu wa kuishi mahali usipohesabiwa kuwa mwenyeji. Je, tumfanye ndugu yetu mkimbizi hata ndani ya kanisa?

Tusidanganyane, kurudishwa kuna utaratibu. Zakayo aliahidi kulipa mara nne (Luka 19:8), na ndugu yetu ataendelea kulipa mpaka amalize. Mfuko utabaki kwa mama aliyekabidhiwa. Lakini wazee wamekubali kwamba Jumapili ijayo atapiga ngoma. Ngozi mpya zimepatikana, nyingine kwa pesa hizo alizorudisha.

Kila familia ijiulize: nyumbani kwetu ni nani tuliyemsamehe kwa maneno, lakini hatujampa tena jembe, ufunguo, wala nafasi kwenye mkeka wa chakula?

Na wewe uliyeanguka, usikae mbali. Pale kaburini wanawake walitumwa kwa wanafunzi, na Petro akatajwa kwa jina lake (Marko 16:7). Bwana hajakusahau. Njoo motoni, ule, kisha upokee kazi.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Kristo.