Nasaha Si Amri



Muhula uliopita ndugu mmoja wa hapa chuoni alinijia baada ya Isha. Yeye na mchumba wake walikuwa wamepima damu, na wote wawili, ingawa ni wazima, wamekutwa na kinasaba cha selimundu. Aliniuliza wafanye nini. Nikajibu papo hapo: "Achaneni." Nilidhani nimetoa nasaha.

Hapa Uganda jambo hili si geni. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kinasaba hicho kwa watoto wadogo kama 13 katika kila 100.

Mshauri wa vinasaba angefanyaje? Angehakikisha majibu, akauliza habari za koo zote mbili. Angewaeleza kuwa katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Si kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Angewaeleza maumivu, matibabu na gharama, na siri yao angeitunza kama amana. Kisha angewaachia uamuzi.

Wapo wanaosema huko ni kukwepa jukumu, kwani mtoto atakayeumwa hakuulizwa. Hoja hii ni nzito. Ndiyo maana mshauri haruhusiwi kupunguza ukweli ili kuwafurahisha wachumba. Lakini kusema kweli yote ni jambo moja, na kumwamulia mtu ndoa yake ni jambo jingine. Saudi Arabia imelazimisha kipimo hiki kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, lakini majibu hayawazuii wachumba kuoana.

Tumkumbuke Barira (r.a.). Alipoachwa huru alipata hiari ya kubaki na mumewe, Mughith, au kuachana naye. Mughith alimfuata njiani akilia. Mtume (s.a.w.) akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni maombezi tu. Akakataa, wala hakulaumiwa. Ikiwa Mtume mwenyewe alitenganisha ushauri na amri katika ndoa, mimi ni nani?

Nilimrudia ndugu yule nikamwomba radhi, nikamsihi waende wote wawili kwa mshauri hospitalini. Walikwenda. Walichoamua sijawauliza.

Wabillahi tawfiq.