RAMADHANI, SIKU YA 14: KISOGO KINACHOONA



Leo baada ya Alasiri, ukitoka msikitini, hebu simama kidogo uangalie milima ya Uluguru. Kaza macho katikati ya mlima. Unadhani unaona kwa macho tu, si ndio? Jicho linapokea mwanga na kupeleka habari. Habari hizo zinafika nyuma kabisa ya kichwa, kisogoni, kwenye ganda la ubongo lenye unene wa kama milimita 2. Mtu anaweza kuwa na macho mazima, akaumia hapo, akawa haoni.

Sasa tazama mpangilio wake, SubhanAllah. Vilivyo kushoto kwako vinapokelewa upande wa kulia wa ubongo, vya kulia vinakwenda kushoto. Kilele kinaangukia sehemu ya chini, barabara iliyo mbele yako inaangukia juu. Vitu vinavyopakana huko nje vinapakana na humo ndani, kama ramani. Na pale katikati unapokazia macho pamepewa eneo kubwa sana. Ndiyo maana ukisoma msahafu, neno unaloliangalia ni wazi, ya pembeni yana ukungu.

Wataalamu wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walichunguza sehemu hii kwa paka kuanzia miaka ya 1950. Wakakuta kila chembe ina kazi yake: hii inaamka ikiona mstari uliosimama, ile mstari uliolala, nyingine ulioinama. Zenye kazi moja zimekaa pamoja, zimepangana kama safu za swala.

Kisha wakaziba jicho moja la paka mchanga kwa miezi yake ya mwanzo. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeshaizoea njia ya jicho la pili. Nafasi ya lile lililozibwa ilikuwa imechukuliwa. Paka mkubwa akizibwa vilevile, hapati hasara hiyo. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel.

Jamani, hili linatuhusu nyumbani kwetu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 78, Allah anatukumbusha kwamba tulizaliwa hatujui kitu, akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo, ili tushukuru. Kushukuru si ulimi peke yake. Mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho, au akiwa na makengeza yasiyokwisha, au jicho moja lina nguvu ndogo, ubongo wake unaweza kulizoea lile zima na kuliacha lingine. Mlango huo uko wazi zaidi wiki na miaka ya mwanzo. Ukichelewa, hata upasuaji ukienda vizuri, huenda asione sawasawa.

Basi ukiona mboni nyeupe kwa mtoto, usimwambie mama yake "atakua, yataisha". Usimtie maji ya majani wala maziwa. Weupe huo unaweza hata kuwa saratani. Mpelekeni hospitali, muombe rufaa mapema. CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi wanatibu macho ya watoto. Msingoje Idi ipite. Na aliyekwishachelewa naye apelekwe, asikatiwe tamaa. Kama jirani amekwama nauli, hiyo ndiyo sadaka yako ya kumi hili la maghfira. Futari ya watu ishirini ni kheri, na nauli ya mtoto mmoja kwenda kutibiwa macho ni kheri pia.

Surat Al-Israa, aya ya 36, inasema masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kwa mtoto mdogo, sisi wazazi ndio tulioshika amana hiyo. Leo usiku kabla ya Tarawehe, muangalie mwanao machoni, moja baada ya jingine. Ni dakika moja tu.

Ewe Allah, walinde watoto wetu, wape macho yanayoona na nyoyo zinazoona zaidi. Tusamehe tulipopuuza amana zako, na utukubalie funga zetu. Aamiin.

Mtumie na mzazi mwingine. 🌙