Tangawizi: Neema ya Mungu Isigeuzwe Mtego

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maradhi na akajaalia dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu imeletewa barua kutoka Mbumbuni, katika vilima vya Makueni. Mwandishi wake ni kijana mzaliwa wa Pwani ambaye ana duka huko. Asema kwamba baba yake, mtu mzima anayetumia vidonge vya kuzuia damu isigande, alikutana siku ya soko na mchuuzi wa maji ya tangawizi. Mchuuzi akamsomea aya, akamwambia kuwa hii ndiyo dawa iliyotajwa na Qurani yenyewe. Basi na aviache vidonge vya hospitali, anywe chupa moja asubuhi na moja jioni. Mzee amekubali. Kijana atuuliza: je, ni kweli haya, na je, babangu yuko katika haki?

Jawabu ya haraka tulikwisha kumpelekea: mrudishe mzee kwa daktari wake leo, wala usingoje gazeti. Hapa twaeleza sababu, kwani mchuuzi wa namna hii hayuko Mbumbuni peke yake. Mitaa yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu yamjua vyema.

Ni kweli kwamba zanjabili, ambayo ndiyo tangawizi, imetajwa katika Qurani. Imetajwa katika Suratul Insan, sura ya 76, aya ya 17. Lakini tazameni imetajwa wapi. Aya hiyo yaeleza kinywaji cha watu wema huko Peponi. Haielezi matibabu ya wagonjwa wa duniani. Na aliyeisoma sura tangu mwanzo ataona kwamba watu hao, kabla ya kutajwa kinywaji hicho cha tangawizi, wamesifiwa kwa kuwalisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Mungu, bila ya kutaka malipo wala shukrani. Basi ni ajabu iliyoje kwamba mtu aichukue sura inayosifu kumlisha maskini bure, aifanye chombo cha kumtoa maskini shilingi zake!

Iko pia khabari ipokewayo kwamba mfalme wa Rumi alimpelekea Mtume (S.A.W.) zawadi ya mtungi wa tangawizi, naye akawagawia masahaba. Wanavyuoni wa hadithi wameitia udhaifu khabari hiyo kwa sababu ya mpokezi wake mmoja, Amr bin Hukkam. Na hata lau ingalisihi, ni khabari ya zawadi na ukarimu; haikusema kuwa tangawizi yaponya kila ugonjwa.

Msidhani kwamba twaidharau tangawizi. Nani katika sisi asiyeijua kahawa ya tangawizi barazani baada ya Isha, au pilau na mchuzi visivyopendeza bila yake? Ni mmea mwema, na jirani zetu wa Same katika milima ya Upare huko Tanzania wapata riziki zao kwa kuulima. Mataalamu nao wameupima. Mwaka 1988 wanafunzi 80 wa jeshi la maji la Denmark walijaribiwa baharini: baadhi walipewa gramu 1 ya unga wa tangawizi, na wengine unga usio na dawa. Waliopewa tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao. Imeonekana vilevile kuwa yapunguza kichefuchefu cha mwanamke mwenye mimba, na huenda ikawapunguzia wanawake maumivu ya hedhi, na wazee maumivu ya magoti kwa kiasi kidogo.

Lakini kitu chenye nguvu ya kufaa kina nguvu ya kudhuru. Ikizidi, tangawizi huleta kiungulia na kuharisha. Wataalamu wengi hushauri mtu mzima asipite gramu 4 za unga wake kwa siku, na kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 2. Mwenye mimba yamtosha gramu 1 kwa siku, aigawe mara kadhaa, tena baada ya kumuuliza mkunga au daktari. Mwenye mawe ya nyongo, mwenye kutumia dawa za sukari au za presha, na anayengojea kupasuliwa, hawa wote na waulize kwanza kabla ya kuinywa kwa wingi. Kikombe cha chai ya tangawizi na chakula cha kawaida havina neno kwa watu wengi. Khofu ni kwa hayo machupa na unga wa kumeza kila siku.

Ama mzee wetu wa Mbumbuni, yeye ana khatari mbili. Akiacha vidonge, damu yaweza kuganda na kumletea kiharusi. Akichanganya vidonge na tangawizi nyingi, damu yaweza kuwa nyepesi kupita kiasi akavuja damu ndani ya mwili. Njia zote mbili ni za kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu, jambo ambalo Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara.

Nasi tumekwisha kuona funzo. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa Korona, watu wa Afrika Mashariki walikimbilia tangawizi, thomu na ndimu, wakanywa na wakajifukiza. Koo zilipata nafuu, lakini haikuthibiti kwamba tangawizi yaponya ugonjwa ule. Na waliochelewa hospitalini kwa kuitegemea walijidhulumu.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na amefundisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake. Hakusema kuwa kila dawa ni ya kila ugonjwa. Tena imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ni juu yake dhamana ya madhara anayoyaleta. Na ayasikie haya mchuuzi: aya aliyoisoma haitamtetea siku hiyo.

Basi, ewe kijana, mwambie baba yako kwa upole na adabu kwamba kumeza vidonge si upungufu wa imani. Mkapie daktari, mwambieni wazi ni chupa ngapi mzee amekwisha kunywa, msimfiche. Akimruhusu kikombe kimoja cha kahawa ya tangawizi, mnywesheni na mseme Alhamdulillahi. Na shilingi za chupa zilizobakia, mlisheni nazo jirani aliye maskini. Hiyo ndiyo njia ambayo sura yenyewe imeielekeza kwa mwenye kuitamani tangawizi ya Peponi.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum.